Karatasi aliyopewa mama kliniki ya Muhimbili

Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili si mbali. Unalipa mgongo soko, unaifuata Msimbazi ukikwepa mikokoteni na wauza soksi, unatokea Fire. Ukishavuka Barabara ya Morogoro, huku jicho moja likiangalia mwendokasi, unaingia Barabara ya Umoja wa Mataifa na ghafla kelele zinapungua. Mtu mzima asiye na haraka anatembea tu. Sisi tulipanda bajaji kwa sababu ya mtoto.

Mtoto mwenyewe ni mwana wa mdogo wangu, ana miaka sita, na ana selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu bado tunauita siko seli. Jua kali na kiu vinaweza kumwamshia maumivu ya mifupa, kwa hiyo chupa yake ya maji haimtoki mkononi. Siku hiyo alikuwa na kliniki ya kawaida. Mimi nilikwenda kumsindikiza mama yake, maana foleni ya hospitali inataka watu wawili: mmoja wa kukaa na mtoto, mwingine wa kuhangaika na madirisha.

Getini pale mambo ni yale yale unayoyajua kama umewahi kuuguza. Kinamama na mabeseni, vyombo vya uji vimefungwa kwa kanga, mtu anauliza Mwaisela iko wapi, mwingine anaelekezwa Kibasila. Jengo la Sewahaji limebeba jina la mfanyabiashara wa zama za Wajerumani aliyetoa fedha zake hospitali ijengwe kwa ajili ya Waafrika na Wahindi, wakati Wazungu walikuwa na yao kule Ocean Road. Hapa Upanga hospitali ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret wa Uingereza. Jina la Muhimbili lilikuja baada ya Uhuru. Chuo cha udaktari kilianza mwaka 1963, na tangu 2007 ni chuo kikuu kamili, MUHAS.

Chuo hicho ndicho sababu ya makala haya. Hospitali yenye chuo kikuu hutibu, hufundisha, na pia huuliza maswali ambayo bado hayana majibu. Mzazi anayekwenda pale kutafuta dawa anaweza siku moja kukutana na swali.

Ndivyo ilivyotokea. Daktari alipomaliza na sisi, dada mmoja aliyevaa koti jeupe alimwita mdogo wangu pembeni. "Mama, tuna utafiti wa watoto wenye selimundu. Ningependa kukueleza, ukipenda. Si lazima." Akampa karatasi kadhaa zilizobanwa pamoja, kwa Kiswahili, na sehemu ya saini mwishoni. Mdogo wangu akanigeukia, akaninong'oneza: "Dada, wanataka kumfanyia mwanangu majaribio?"

Neno majaribio linatisha, na halitishi bure. Mwaka 1897 mwanasayansi Mjerumani Robert Koch alifika Dar es Salaam hii hii kuchunguza malaria. Miaka michache baadaye alipata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 alikuwa visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, akiwatibu watu wenye malale kwa dawa iitwayo atoxyl. Dozi ilipoongezwa, baadhi ya wagonjwa walipofuka na hawakuona tena. Fomu ya kueleza hatari hizo haikuwepo. Kwa hiyo mama anayeshtuka mbele ya karatasi asionekane mshamba. Karatasi yenyewe iliandikwa kwa sababu ya watu kama wale wa Ssese.

Lakini kuna hadithi nyingine, ya hapa hapa Dar es Salaam, ambayo naona kila mama aliyewahi kuhudhuria kliniki ya wajawazito angefaa kuijua.

Turudi katikati ya miaka ya tisini. Wenye umri wangu tunakumbuka misiba ya wakati ule. Dawa za kufubaza VVU zilikuwa hazijafika kwa mtu wa kawaida. Mjamzito aliyekutwa na virusi alikuwa hana cha kumkinga mtoto wake. Mwaka 1994 utafiti kutoka Malawi ulionyesha kuwa kinamama wenye upungufu wa vitamini A waliwaambukiza watoto wao zaidi. Wazo likawa rahisi na la kuvutia: wape kinamama vitamini A. Ni rahisi, ipo kwenye karoti na mapapai, nani angeogopa vitamini?

Watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Harvard, Marekani, waliamua kuhakikisha kwanza. Kati ya 1995 na 1997 waliwaandikisha wajawazito 1,078 wa Dar es Salaam wenye VVU, waliokubali wenyewe. Kwa bahati nasibu, mama mmoja alipata vitamini A, mwingine mchanganyiko wa vitamini nyingine, B, C na E, mwingine vyote viwili, na mwingine kidonge kisicho na vitamini hizo. Hakuna aliyejua nani kapata nini, si mama wala muuguzi, mpaka mwisho.

Majibu ya kwanza yalitoka 1998. Ule mchanganyiko wa vitamini B, C na E ulipunguza vifo vya watoto tumboni kwa karibu asilimia 40, na watoto wenye uzito pungufu wakapungua pia. Baadaye yakaja majibu ya vitamini A. Watoto walipofuatiliwa hadi miaka miwili, wale ambao mama zao walipewa vitamini A walikuwa wameambukizwa 34 katika kila 100. Wale ambao mama zao hawakupewa, 25 katika kila 100. Kitu ambacho kila mtu alidhani kitawaokoa kilikuwa kinawaongezea hatari.

Nimelisoma hilo mara nyingi na bado linanikaa kooni. Kati ya kinamama wale wapo waliopata kidonge kibaya bila kujua, na waliowapa hawakujua pia. Fikiria sasa kama pasingekuwa na utafiti, wazo likachukuliwa kuwa kweli na kidonge kikagawiwa kila kliniki kuanzia Mnazi Mmoja hadi Buguruni. Badala ya mamia, wangeumia maelfu kwa maelfu, na hakuna ambaye angegundua.

(Hapa nisimame kidogo, maana najua simu zitaanza kuita. Matone ya vitamini A anayopewa mtoto wako kuanzia miezi sita ni jambo tofauti kabisa. Yamethibitishwa kuokoa watoto, mpeleke akapate. Na mama mwenye VVU leo ana dawa ambazo wale hawakuwa nazo. Akizitumia vizuri mtoto ana nafasi kubwa sana ya kuzaliwa salama.)

Kazi haikuishia hapo. Mwaka 2007 yalitoka majibu ya wajawazito 8,468 wa jiji hili wasio na VVU: waliopewa mchanganyiko wa vitamini walizaa watoto wachache zaidi wenye uzito pungufu. Mwaka 2024 yakatoka majibu mengine, ya wajawazito 11,000 wa Dar es Salaam na idadi kama hiyo kutoka India, kuhusu vidonge vya kalsiamu vya kuzuia kifafa cha mimba. Kimoja kwa siku kilizuia sawasawa na vitatu, ingawa kwa upande wa watoto njiti majibu ya hapa kwetu hayakuwa wazi kama ya India. Mwenye kununua vidonge kwa fedha yake anajua tofauti ya kimoja na vitatu.

Na si wajawazito peke yao. Ndani ya eneo hilo hilo ipo taasisi ya mifupa, MOI, ambako vijana wa bodaboda huletwa na miguu iliyovunjika mfupa ukatoka nje. Madaktari wa pale waliwahi kuwafuatilia wagonjwa 240 wa aina hiyo kwa mwaka mzima, wakilinganisha chuma kinachowekwa ndani ya mfupa na kile cha nje. Jibu, kwa ufupi, ni kwamba katika vifo na matatizo ya kurudi upasuaji, njia hizo mbili hazikuachana kwa kiasi cha kutosha kusema moja ni bora.

Turudi kwa mtoto wetu na chupa yake ya maji. Hukadiriwa kuwa kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, moja ya idadi kubwa kabisa duniani. Baba na mama wote wawili huwa wamebeba chembe ya ugonjwa bila kuumwa, na kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mgonjwa. Hakuna wa kulaumiwa, iwe mama, mganga wala jirani. Zamani watoto hawa walizikwa wadogo, na kilichowaua hakikuandikwa popote.

Mwaka 2004 Profesa Julie Makani na wenzake walianza pale Muhimbili jambo lisilo na mbwembwe: kuwaandika wagonjwa wa selimundu, kuwapima, kuwaita warudi, kuwatafuta wasiporudi. Mpaka 2009 walikuwa na wagonjwa 1,725 katika ripoti moja. Katika hao, vifo vilikuwa vingi zaidi kwa walio chini ya miaka mitano. Ndiyo maana leo inasisitizwa mtoto agundulike mapema, apate penisilini ya kinga na chanjo zake kabla maambukizi hayajamkuta. Walikuta pia kwamba watoto hawa hawapati malaria mara nyingi kama wengine, lakini ikiwapata wakalazwa, huwa hatari mno. Kwa hiyo chandarua kwa mtoto wa selimundu si hiari.

Hata dawa ya haidroksiurea, ambayo Wamarekani wamekuwa wakiitumia tangu miaka ya tisini, ilibidi iulizwe upya Afrika. Hofu ilikuwa kwamba huku kwenye malaria ingedhuru. Watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale waliipokea na kufuatiliwa, na majibu ya mwaka 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, vifo vimepungua, na malaria yenyewe imepungua kwa karibu nusu. Hofu ilikuwa ya haki, na ilijibiwa na watoto wa wazazi waliokubali kusaini.

Nilimweleza mdogo wangu baadhi ya haya tukiwa tumekaa kwenye benchi. Hakuridhika, na nilifurahi hakuridhika. Alirudi kwa yule dada na maswali yake, na kwa kweli aliuliza vizuri kuliko ambavyo ningeuliza mimi.

"Nikikataa, mwanangu ataendelea kuhudumiwa hapa?" Ndiyo, kliniki ni ile ile, na hata ukikubali leo unaweza kujitoa kesho bila kutoa sababu. "Mtampa dawa mpya?" Hapana, ni kumfuatilia na kuchukua damu. "Damu inakwenda wapi?" Hapo yule dada alifungua ukurasa wa tatu na kumwonyesha: inapimwa nini, inatunzwa muda gani, nani anaruhusiwa kuigusa. "Nani amewaruhusu?" Kamati ya maadili, na kwenye karatasi kuna namba ya simu ya kamati hiyo, tofauti na ya watafiti, ya kupiga ukiwa na malalamiko. Kwa tafiti nchini kibali cha kitaifa hutoka kamati iliyo chini ya NIMR, ambayo makao yake yalikuwa kwa miaka mingi pale Barabara ya Barack Obama, Ilala hii hii. Ukiwa ni wa kujaribu dawa, TMDA nao lazima waridhie. "Na nauli?" Siku za utafiti zinarudishwa, vipimo vya utafiti hulipi.

Aliloniambia baadaye kwamba lilimgusa zaidi ni jambo dogo. Yule dada aliinama, akamsemesha mtoto mwenyewe. Mtoto akauliza swali lake moja: sindano ngapi?

"Ile ile moja ya kliniki, baba. Tutajaza kichupa kimoja zaidi."

Akafikiri. "Basi mkono huu," akasema, akitoa wa kushoto.

Mama yake akacheka, lakini hakusaini. Alisema atakwenda kusoma na baba yake mtoto. Yule dada hakununa wala kumharakisha, akamwambia karatasi ni yako, tutaonana kliniki ijayo. Tukatoka getini saa saba, tukanunua machungwa yaliyomenywa, tukasubiri bajaji kivulini.

Usiku shemeji alisoma fomu nzima kwa sauti, taratibu, kurasa zote. Pale panaposema sampuli zinaweza kupelekwa nje ya nchi kwa kibali, aliacha kusoma, akapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kesho yake asubuhi, kabla hajafungua duka lake Mtaa wa Kongo, alipiga ile namba ya kamati.