Mshono Uko Wapi?

Leo ninaandika kuungama. Kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa wale wanaoamini kwamba michezo ya video ni adui wa lugha. Nimewahi kusimama mbele ya vijana nikawaambia kuwa kijana anayeshinda akibonyeza vitufe hawezi kuhesabu mizani, na kwamba kioo cha simu kinakausha ulimi. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kwenye simu zao. Sikujua kwamba siku moja mchezo wa namna hiyo hiyo ungenifichulia kosa nililolibeba ndani ya shairi langu kwa miaka kumi na moja.

Ilikuwa likizo ya mwisho wa mwaka, kijijini kwetu Pemba. Mpwa wangu, anayesoma Unguja, alikuja na kompyuta mpakato yake. Mama yangu alikuwa barazani, miguu ameinyoosha, chane za ukindu zimelala pembeni, anasuka ukili kama alivyousuka tangu nilipopata akili. Macho yake siku hizi yamepungua, ila vidole havihitaji macho. Kijana alikaa karibu naye akafungua mchezo uitwao Lumino City.

Nilichungulia nikiwa tayari kukemea. Niliona jiji. Nyumba zimepandana mlimani, madirisha yanatoa mwanga wa manjano, magurudumu yanazunguka taratibu. Msichana mdogo aitwaye Lumi anapita humo akimtafuta babu yake aliyechukuliwa na watu wasiojulikana. Babu huyo alikuwa fundi wa kurekebisha vitu vya jiji zima, na amemwachia mjukuu kitabu kinene cha maelekezo. Kila mahali panapokwama, jibu limefichwa katika kitabu cha babu, kwa mwenye subira ya kusoma.

"Mjomba," kijana akaniambia, "hii si michoro ya kompyuta. Jiji hili lilijengwa kweli."

Sikuamini, lakini ndivyo ilivyo. Mchezo huu ulitoka mwaka 2014, kazi ya kampuni ndogo ya London iitwayo State of Play. Mafundi wake walikata karatasi na kadibodi, wakazikunja na kuzigundisha, wakatia taa ndogo na mota ndogo, hadi wakasimamisha jiji lenye kimo cha takriban mita 3. Kisha wakalipiga picha kwa kamera, na picha hizo ndizo Lumi anamopita. Kazi hiyo iliwachukua miaka kama 3. Mwaka 2015 ilipata tuzo ya BAFTA ya Uingereza kwa mafanikio ya kisanaa.

Mama alisogezewa kompyuta karibu. Aliutazama ukuta wa nyumba moja kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha, kama anavyofanya anapokagua mkeka wa mtu mwingine. Kisha akauliza, "Mshono wake uko wapi?"

Kijana akatafuta, akakuta mahali ambapo kadibodi mbili zilikutana, ukingo mmoja umejitokeza kidogo kupita mwenziwe. Akaweka kidole hapo. Mama akatikisa kichwa, akaridhika. "Haya," akasema, "huyu kafanya kazi." Akarudi kwenye ukili wake.

Swali lile lilinikaa. Jioni nilimwomba kijana anionyeshe michezo mingine ya aina hiyo, naye akanipitisha kwenye historia ambayo sikudhani ipo. Mwaka 1996, huko Marekani, Doug TenNapel na wenzake walitoa The Neverhood, mchezo ambao ulimwengu wake umefinyangwa kwa zaidi ya tani 3 za udongo. Mhusika mkuu ni mtu wa udongo, nyumba ni za udongo, na ukitazama vizuri unaona alama za vidole. Mwaka 2017 ilitoka Cuphead kutoka Kanada. Wahusika wake walichorwa kwa mkono kwenye karatasi, picha kwa picha, na mandhari yake yakapakwa kwa rangi za maji. Mwaka 2024 kundi la Slow Bros. la mjini Cologne, Ujerumani, lilitoa Harold Halibut baada ya zaidi ya miaka 10 ya kazi. Vibaraka vyake, fanicha zake, hata nguo za wahusika, vyote vilitengenezwa kwa mkono. Kila kitu kikapigwa picha kutoka pande zote, kompyuta ikaziunganisha picha hizo kuwa umbo moja, ndipo umbo likapewa mwendo.

Waungwana, sisi tunaotunga mashairi tunaifahamu hali hii kuliko tunavyokiri. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mfinyanzi hana nafasi ya kurudi nyuma mara kumi. Udongo ukikauka, umekauka. Mtunzi wa shairi la kimapokeo naye amejifunga kwa hiari: mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho, kituo. Ndani ya kifungo hicho analazimika kutafuta neno ambalo asingelitafuta kama angekuwa huru. Na lugha yetu iliufahamu udugu huu zamani. Tunatunga shanga, tunatunga samaki kwenye ujiti, tunatunga shairi. Kitenzi ni kimoja, na katika yote matatu kinadai uzi na mpangilio.

Niliposema hayo barazani usiku ule, nikajiona nimefikia hekima. Nikaongeza kwamba kazi ya mkono daima ina roho ambayo mashine haina. Mama alicheka.

"Mwanangu, mkeka mbaya nao umesukwa kwa mkono. Na unachukua siku zile zile."

Nilinyamaza. Ni mashairi mangapi nimeyasoma, na mengine nimeyaandika mwenyewe, ambayo vina vyake vimetimia, mizani yake haina upungufu, na ndani yake hamna kitu? Jasho peke yake si sanaa. Jiji la karatasi halikumpendeza mama kwa sababu lilichukua miaka. Lilimpendeza kwa sababu mshono ulionekana, na aliyeshona hakuuficha.

Siku ya tatu kijana alikuja na wazo. Alitaka kujaribu kutengeneza mchezo mdogo wa kwake, usio na karatasi wala udongo. Barabara ya mchezo ingekuwa ukili wa bibi yake: mtu mdogo angetembea juu ya msuko, mbele kwa mbele, na kila hatua angekutana na kitu cha kazi hiyo, akitaje jina lake ndipo apite. Mama alikubali, akatandaza ukili barazani, na kijana akaupiga picha dhiraa kwa dhiraa. Mimi nilipewa kazi ya maneno. Nani mwingine, kama si mshairi wa nyumba?

Nikachukua kalamu. Nikaandika mkindu, ukindu, chane. Nikaandika ukili, na wingi wake kili. Kisha nikaandika kwamba mkeka husukwa kuanzia pembe moja hadi ukafika pembe ya pili. Kijana akalisoma kwa sauti.

Mama akaacha kusuka. "Hilo ndilo uliloliandika katika lile shairi lako," akasema.

Miaka kumi na moja iliyopita nilitunga shairi la kumsifu mama yangu na mkeka wake. Nimelisoma katika mikutano miwili na harusi moja, na pamoja na udhaifu wangu, ndilo shairi ambalo watu huniomba nilirudie. Ndani yake mna kipande hiki: *pembe kwa pembe kasuka*. Mama alikuwapo nilipolisoma mara ya kwanza. Alikaa mstari wa mbele.

"Watu wote husema kusuka mkeka, hilo halina neno," akaendelea. "Lakini mkeka hausukwi pembe kwa pembe. Unasukwa ukili, mwembamba, mrefu. Ukishatimia, unashonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana upatikane. Mimi kusuka hakujanichosha. Nasuka huku nazungumza, nasuka gizani. Kilichonimaliza vidole na macho ni kushona. Na katika shairi lako sikushona hata siku moja."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Watu walikuwa wanapiga makofi."

Sijui kama nimewahi kupata uhakiki mkali kuliko huo. Niliukuza utoto wangu kando ya mwanamke yule. Mikeka ile ndiyo iliyonilipia daftari na sare. Nami nilipopata nafasi ya kumtukuza mbele za watu, niliiondoa kazi yake ngumu kuliko zote kwa sababu nilihitaji kina cha -ka. Mkeka, shuka, kumbuka, kasuka: vina vilinijia vyepesi, nikavifuata. Kushona hakukuingia, nikakuacha nje. Mshono niliuficha, na sikujua kuwa nimeuficha, kwa kuwa sikuwahi kuketi nikautazama.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilijaribu kuubadilisha ubeti mzima upate kina kipya, ukaharibika. Karibu na alfajiri nikagundua jambo la aibu: lugha ilikuwa na jibu tangu mwanzo. Kushona kuna kushoneka, nako kunaishia pale pale nilipopataka. *Kili ndefu zashoneka.* Mizani minane, kina kile kile, na ukweli ndani yake. Miaka kumi na moja nimekilaumu kina, kumbe sikulifahamu neno la kukitia.

Ndipo nilipoukumbuka mchezo wa Lumi na kitabu cha babu yake. Jibu lipo kitabuni, lakini kwa anayekubali kwanza kwamba amekwama. Sisi wengi hatukubali. Tunaandika "mkeka" na "mtungi" na "ngalawa" kama mapambo ya ubeti, ilhali hatuwezi kutaja sehemu tatu za kitu chochote kati ya hivyo. Halafu tunawalaumu vijana na simu zao kwamba maneno yanakufa. Mpwa wangu alihitaji maneno yale ili mtu wake mdogo apate kutembea, kwa hiyo aliyauliza. Mimi nilidhani ninayo.

Mchezo wake bado haujakamilika. Mtu mdogo anatembea hatua kama ishirini juu ya ukili, kisha anaanguka mahali ambapo picha mbili hazikukutana sawasawa. Kijana anasema ataurekebisha mshono huo. Nilimwambia asiufiche kabisa.

Asubuhi nilimsomea mama ubeti mpya. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba niurudie, nikaurudia. "Hapo sasa nimeshona," akasema. Kisha akauokota ukili wake, akautafuta mwanzo wake kwa vidole. "Lakini pindo hukulitia. Mkeka usio na pindo utafumuka."

Nimo katika pindo, ndugu zangu. Kina cha -ndo hakinipi shida. Safari hii nimeanza kwa kuketi kando yake, kumtazama anavyolikunja.