Mkoba wa Marehemu Baba Yangu



Ndugu msomaji, kila mwaka unapokwisha msimu wa korosho, mimi huwaachia wanafunzi wangu wakubwa wawasomeshe wadogo, nikapanda basi hapa Lindi kwenda Masasi. Huko sina shamba, sina mwana wala ndugu. Hukaa siku mbili katika nyumba ya watu wasio wa ukoo wangu, nikala chakula chao, tukasoma khitma pamoja, kisha nikarudi. Wengi wameniuliza sababu, kwani wanajua kuwa mimi si mtu wa safari. Leo nataka nikueleze, kwa kuwa katika jambo hili mna funzo kwa kila mwenye baba, awe yu hai au amekwisha tangulia mbele ya haki.

Mimi nalizaliwa Mbesa, katika Wilaya ya Tunduru, Mkoa wa Ruvuma. Watu wengi wa pwani huiita nchi yote ile Songea, ijapokuwa kutoka Tunduru mpaka Songea mjini ni mwendo wa zaidi ya kilomita 250. Sisi ni Wayao, na Wayao na pwani wanajuana tangu zamani. Babu zetu walikuwa wakishuka kwa misafara mpaka Kilwa na pembe za ndovu, na Mungu awasamehe, hata na watumwa. Na kwa njia ile ile ya biashara ndipo Uislamu ulipopanda bara ukafika kwetu.

Labda damu ya misafara hiyo ndiyo iliyokuwamo ndani ya marehemu baba yangu. Yeye alikuwa fundi wa kushona. Alikuwa na cherehani ya mkono, akiifunga nyuma ya baiskeli, na watu walipouza korosho wakapata fedha, huondoka. Hupita Tunduru, Nakapanya, Mangaka, mpaka Masasi, akishona kanzu na nguo za watoto wa skuli. Njia ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, na simba hawakuwa mbali. Lakini nisikufiche, msomaji: baba hakuwa akisafiri kwa ajili ya riziki peke yake. Aliipenda njia. Akisikia kuna maulidi mahali, hata pawe pa mwendo wa siku tatu, baiskeli hutiwa mafuta siku hiyo hiyo.

Katika mkoba wake mlikuwa na msahafu, tasbihi, mkasi na chupa ya mafuta ya cherehani. Chini kabisa mlikuwa na bafta nyeupe iliyokunjwa vizuri. Hiyo ilikuwa sanda yake mwenyewe. Alikuwa akisema kuwa msafiri hajui atafia wapi, wala hapendi kuwatwika watu wa kijiji cha ugenini gharama ya kumzika.

Watu walimsifu kwa ucha Mungu wake. Mimi mwanawe nalikuwa na mengine moyoni. Mama ndiye aliyelima na ndiye aliyekesha na sisi tulipougua. Siku niliyokhitimu Qurani watoto wenzangu walisimama na baba zao, mimi nalisimama na mjomba.

Mwaka 1983 nalikuwa kijana, nasoma dini hapa Lindi, nikaenda nyumbani kuwaona wazee. Baba alikuwa akifunga cherehani yake. Akaniambia, "Twende sote safari hii, mwanangu, nikujulishe kwa watu wangu." Nikamjibu, "Baba, watu wako ni sisi. Na katika nyumba hii wewe ndiye mgeni."

Hakunikaripia. Alikaza kamba, akasema, "Mwenyezi Mungu akuhifadhi," akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Naam, hoja nalikuwa nayo. Bwana Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa safari ni sehemu ya adhabu, humnyima mtu chakula chake na usingizi wake, na kwamba mtu akishamaliza haja yake afanye haraka kurudi kwa watu wake. Mtazame Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri aliyetoka kwao Tanja mwaka 1325 akiwa na miaka 21, akafika hata Kilwa yetu mwaka 1331. Mwaka 1348 alipokuwa Damascus ndipo alipopata habari kuwa baba yake amekufa, na tangu afe imepita miaka 15! Safari huwatenga wazazi na watoto, na jambo hili halina ubishi.

Lakini Mtume ametufunza pia kuwa kuna dua tatu zisizorudishwa: dua ya mzazi kwa mwanawe, dua ya msafiri, na dua ya aliyedhulumiwa. Baba yangu alikuwa wawili katika hao watatu. Nami, kwa ujinga wangu, nalijihesabu kuwa ndiye wa tatu.

Mwaka 1984 nalikuwa tena Mbesa. Baba alirudi safarini mapema kuliko desturi yake, ana homa kali. Nalitaka kumuomba radhi kwa lile neno langu. Siku ya kwanza nikaona haya, siku ya pili nikasema kesho, na siku ya tatu alfajiri akafariki. Innaa lillahi wainnaa ilayhi raajiuun.

Walioiona miaka ile wanaikumbuka. Tangu Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikuwa na uhaba mkubwa. Sabuni ilikuwa taabu, sukari taabu, na nguo ndiyo taabu zaidi. Mama akasema, "Sanda yake imo mkobani." Tukaufungua mkoba. Msahafu umo, tasbihi imo, mkasi umo. Bafta haimo. Tukaenda duka la kijiji tusipate, tukapita nyumba kwa nyumba tusipate. Mwisho fundi aliyewavisha watu wa vijiji chungu nzima alizikwa ndani ya shuka la kitanda la mama, lililofuliwa mara nyingi hata likawa jembamba.

Mwalimu wetu alimtuliza mama kwa kisa cha Musab bin Umayr (R.A.), shahidi wa Uhud, ambaye nguo yake ilikuwa fupi: wakimfunika kichwa miguu hutoka, wakimfunika miguu kichwa hutoka, hata Mtume akaamrisha afunikwe kichwa na miguu itiwe majani. Mama akapoa. Mimi sikupoa. Nalisema moyoni, "Hata sanda yake ameiacha njiani."

Ikapita miezi. Siku moja baada ya alasiri tukasikia hodi. Alikuwa mtu wa makamo, amejaa vumbi, ametoka Masasi kwa baiskeli siku nne. Akauliza, "Hapa ndipo kwa Fundi?" Tulipomwambia kuwa Fundi amekufa, alikaa chini akalia kama mtoto. Kisha akafungua furushi lake akatoa bafta mpya, akatueleza.

Mama yake alikufa wakati baba amefikia kwao. Sanda ilitafutwa Masasi nzima ikakosekana. Baba akaingia chumbani akatoka na bafta yake. Walipokataa kuichukua aliwaambia, "Mimi bado natembea. Huyu amekwisha fika." Wakataka kumlipa akakataa, akasema wakijaaliwa siku moja, na wao wampe mwenye haja. Lakini yule bwana aliona ni deni, akatafuta bafta mpaka akaipata, akaja kuirudisha.

Kisha akanitazama akaniuliza, "Wewe ndiwe unayesoma Lindi?" Nikasema ndiye. Akasema, "Kila usiku baada ya sala ya isha alikuwa akiwaombea watoto wake kwa majina, na wewe wa mwanzo. Na safari hii ya mwisho alituambia, 'Mwanangu ameniambia neno la kweli. Narudi nikae nyumbani.'"

Ndugu msomaji, sikuwa na la kusema. Nalitoka nje nikaenda kaburini kumuomba radhi, niliyoweza kumuomba akiwa hai katika zile siku tatu.

Na ile bafta? Mama alisema si yetu, akaipeleka msikitini. Haikukaa wiki mbili, akazikiwa mtu aliyevuka Mto Ruvuma akikimbia vita vya Msumbiji, hana jamaa hata mmoja pale. Watu wa msikiti wakachanga wakaweka nyengine mahali pake. Tangu hapo kila sanda inapotumika, nyengine huwekwa.

Imepokewa kuwa Abdullahi bin Umar (R.A.) alikutana na bedui katika njia ya Makka, akampa punda aliyekuwa amempanda na kilemba alichokuwa amekivaa. Wenzake wakastaajabu, kwani bedui angeridhika na kidogo. Akawaeleza kuwa baba wa mtu huyu alikuwa rafiki wa Umar, na kwamba katika wema mkubwa ni mtu kuunga urafiki na watu aliowapenda baba yake. Kwa hivyo mimi huenda Masasi. Yule bwana naye amekwisha fariki, huwaendea watoto wake. Mwendo wake kutoka Masasi hata Tunduru leo ni wa lami. Ningekuwa na udhuru gani?

Basi wewe uliye safarini, Dar es Salaam au Maskati, fanya haraka urudi, kwani fedha unayopeleka haisimami na mwanao siku anayokhitimu. Na wewe uliyeachwa nyumbani, usimhukumu baba yako kwa nusu ya habari uijuayo. Nusu ya pili iko kwa watu aliokaa nao. Nenda kawaulize, na kama yu hai, kamuombe radhi leo hii.

Ewe Mola, wasamehe wazazi wetu, uwarehemu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo, na utujaalie kuwa wema kwao na kwa rafiki zao. Amin.