Kompyuta nzito na dada aliyesingiziwa

Najua nimepotea, mpaka shemeji kanitumia ujumbe kuuliza kama bado niko hai. Niko hai, kazi tu. Haya, niwape stori ya ofisini.

Mnajua niko kwenye ofisi ya mizigo hapa Guangzhou, pande za Xiaobei, kule Waafrika tunakojazana. Januari 2025 tulikuwa tunakimbizana na Mwaka Mpya wa Kichina, ulioangukia tarehe 29. Viwanda vinafungwa, madereva wanarudi kwao vijijini, na kila mtu wa Kariakoo anataka katoni zake zipande meli kabla ya hapo. Ndipo kompyuta zikagoma. Unaandika alama ya mzigo, unakwenda kuchemsha chai, unarudi bado inatafuta.

Laoban, ndivyo huku tunavyomwita bosi, akamshukia dada wa Kichina anayeingiza mizigo kwenye programu. Eti mzembe, eti anachezea simu, baada ya sikukuu asirudi. Dada wa watu akawa analia chooni. Mimi niliwahi kuwa fundi kompyuta huko nyumbani, nikaomba siku mbili.

Programu yenyewe ni ya Visual FoxPro. Mnaojua mambo haya chekeni tu! Microsoft walitangaza mwaka 2007 kwamba baada ya toleo la 9 hakuna jingine, na Januari 2015 wakaacha kabisa kuihudumia. Lakini ofisi yetu imo humo, na madeni ya wateja yamo humo.

Siri niliipata kwa kuwahi kazini. Nikiwa peke yangu, mzigo unaonekana kufumba na kufumbua. Akafika mwenzangu, akafungua programu kwenye mashine yake, papo hapo yangu ikawa nzito. Hajafanya kitu, kafungua tu! Sasa hapo uzembe wa dada uko wapi?

Iko hivi. Mafaili yamekaa kwenye kompyuta moja, na kila mashine inayavuta yenyewe kupitia waya. Ukiwa peke yako, Windows inakuruhusu ubaki na nakala ya ulichokwisha kusoma. Akiingia wa pili ruhusa inafutwa, maana anaweza kubadilisha kitu, basi kila unachotaka unakifuata upya kule kule. Kama kupika huku chumvi iko kwa jirani, na kila chembe unaifuata kwa miguu.

Nikakuta na mengine. Faili la mizigo halikuwa na faharasa ya alama, kwa hiyo kutafuta mzigo mmoja kulivuta rekodi za miaka yote. Halafu programu ya kuzuia virusi ilikuwa inalikagua faili hilo kila likiguswa. Usiku watu wametoka, nikaweka nakala ya kila kitu pembeni (msisahau hili, wadogo zangu), nikajenga faharasa, nikalitoa faili kwenye ukaguzi. Asubuhi wote tuko ndani, na mzigo unapatikana kabla hujainua kikombe.

Jamaa mmoja alinishauri niirudishe SMB 1, njia ya kizamani ya kugawana mafaili, ili nizime ile habari ya ruhusa. Nikakataa. Huo ndio mlango ambao WannaCry ilipitia Mei 2017. Dawa hasa ni kununua mashine yenye nguvu, programu ifanye kazi pale pale mafaili yalipo, mezani kwetu ije picha ya skrini tu. Laoban anasema ghali. Tumeishia hapo.

Kontena la mwisho liliwahi meli, na anko, zile katoni zako zilikuwamo. Dada yule alirudi baada ya sikukuu. Laoban hakumwomba radhi, ila dada aliniwekea machenza mawili mezani bila kusema neno. Nilikula moja, la pili nikampelekea mwenye nyumba wangu.

Msalimieni mama, nitapiga Jumapili. Mkumbuke tu huku tuko mbele saa tano, msinipigie usiku wenu!