Pasaka Ile, Gari la Tatu

Baba alikuwa na sikio. Mafundi wenzake wa Grogan, mtaa wa magereji pale Nairobi, walilijua hilo. Gari likiingia gerejini, kabla mwenyewe hajazima injini, baba alishasema mahali linapouma. "Hiyo ni beringi ya nyuma, kushoto." Wakifungua, ndivyo. Kwa hiyo maneno aliyonong'ona sikioni mwangu Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 1983 ilinipasa kuyashika. Sikuyashika. Nimeyaelewa baada ya miaka 38, naye hayupo tena wa kuambiwa.

Nilikuwa na miaka 16. Tulitoka mtaa wa Jericho kwa miguu kabla ya jua kuwa kali, mimi, baba na vijana wawili wa gereji, tukaenda hadi Jumba la Mikutano la Kenyatta ambako magari ya mbio za Safari Rally yalikuwa yanamalizia. Nilipanda juu ya ukingo wa saruji, nikashika bega la baba nisianguke. Magari yalikuja yamejaa udongo hadi madirishani, mengine boneti zimebonyea, taa zimevunjika. Mshindi alikuwa Ari Vatanen katika Opel Ascona. Wa pili Hannu Mikkola katika Audi Quattro. Hao walishangiliwa kama ilivyostahili. Kisha Audi nyingine, ya nafasi ya tatu, na ndani yake wanawake wawili: Michèle Mouton wa Ufaransa kwenye usukani, na pembeni yake Fabrizia Pons wa Italia, mwelekezi wake.

Michèle alishuka. Hakuwa mtu mkubwa wa mwili, jambo lililonishangaza, maana kwenye redio nilimsikia nikamchora jitu. Nywele nyeusi, uso wenye vumbi, tabasamu. Watu walikuwa wanaita jina lake kila mmoja kwa matamshi yake. Mimi nilikuwa napiga kelele hadi koo likauma. Baba hakupiga kelele. Alimtazama kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha kidogo upande, vile alivyokuwa akisikiliza injini. Akasema, "Mama huyu amebeba kitu. Si uchovu wa barabara tu huu."

Nilidhani ni maneno ya wazee.

Wasiokuwepo miaka ile ni vigumu kuwaeleza Pasaka ilivyokuwa. Kanisani tulikwenda, lakini redio ndogo zilikuwa mifukoni mwa wanaume na hata Padri alijua. Sauti ya Kenya ilikuwa ikitangaza nani amepita wapi, nani amekwama, nani ameharibikiwa. Redio hiyohiyo miezi minane tu nyuma, asubuhi ya Agosti mosi, ndiyo iliyotangaza kwamba serikali imepinduliwa, na mtaani kwetu tulilala chini ya vitanda tukisikia risasi. Kusikia redio hiyo inasema habari za magari na matope kulikuwa na raha yake, raha ambayo hatukuwa na jina la kuiita.

Mbio zenyewe zilikuwa za karibu kilomita 5,000, mchana na usiku, na barabara hazikufungwa. Dereva alikuwa anakimbia akijua kwamba kwenye kona inayofuata anaweza kukuta matatu, punda, au mtu na baiskeli yake akitoka sokoni. Ndiyo maana wageni wengi hodari, mabingwa kwao Ulaya, walikuja hapa wakashindwa. Gari la Safari halihitaji mbio peke yake. Linahitaji dereva anayejua lini alihurumie.

Gerejini, wiki nzima kabla ya Pasaka, vijana walikuwa wanabishana. Shekhar Mehta wetu alikuwa ameshinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na wengi walitaka ashinde tena. Kuhusu mwanamke Mfaransa, walisema hatafika mbali. Baba aliinua kichwa kutoka chini ya gari akawauliza kama wanamjua Anne Hall. Hawakumjua. Akawaambia kwamba mwaka 1961, yeye mwenyewe bado kijana wa kushika taa, mwanamke huyo Mwingereza pamoja na Lucille Cardwell walimaliza wa tatu katika Ford Zephyr. Akawakumbusha pia Orie Rogo Manduli, binti wa hapahapa Kenya, aliyeingia Safari mwaka 1974. "Gari halijui nani amelishika," alisema, akarudi chini.

Kilichompendeza zaidi baba ni ile Quattro. Alikuwa akituchorea kwa chaki sakafuni jinsi injini inavyosukuma magurudumu yote manne, ili likiteleza la mbele, la nyuma linashika, na kinyume chake. Injini yenyewe ilikuwa ya silinda tano yenye turbo, na mlio wake haukufanana na wa gari lolote tulilolizoea, mlio wa kukatikakatika kama mtu anayecheka kwa hasira. Hata hivyo, Opel ya Vatanen, yenye kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu, ndiyo iliyoshinda. Baba hakuona ajabu. Kwake, kila kifaa unachoongeza kwenye gari ni kifaa kimoja zaidi cha kuharibika Safari.

Baada ya siku ile nilianza kukata magazeti. Watalii walikuwa wakiacha majarida ya magari hotelini, na mjomba aliyekuwa mhudumu aliniletea. Kifaransa sikukijua, lakini majina na namba hazihitaji lugha. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Michèle alizaliwa mwaka 1951 huko Grasse, mji wa kusini mwa Ufaransa unaolima maua ya manukato, na kwamba wazazi wake walikuwa wakulima wa mawaridi na yasmini. Kwamba alianza sheria chuoni akaiacha. Kwamba aliingia kwenye mbio kwa mlango wa uelekezi, akimsomea njia rafiki yake, hadi baba yake alipomwambia kama anataka mbio basi aendeshe mwenyewe. Akamnunulia gari aina ya Alpine, akampa msimu mmoja tu wa kuonyesha anachoweza.

Mwaka 1975 aliendesha katika saa 24 za Le Mans akiwa na wanawake wenzake wawili, wakashinda daraja lao. Oktoba 1981, akiwa na Audi, alishinda mbio za Sanremo, Italia, na kuwa mwanamke wa kwanza kushinda duru ya mashindano ya dunia ya rali. Aliyemaliza wa pili siku hiyo ni kijana wa Ufini, Henri Toivonen. Liweke jina hilo akilini. Mwaka uliofuata, 1982, alishinda mara tatu: Ureno, Ugiriki na Brazili. Ubingwa wa dunia aliukosa kwa kidogo, Walter Röhrl wa Ujerumani akamaliza mbele yake. Magazeti niliyokuwa nayo yalisema aliupoteza Ivory Coast, gia boksi ilimsumbua, kisha akapata ajali. Niliandika hivyo kwenye daftari langu: gia boksi. Nikaona nimejua.

Jioni ya Pasaka ile nilimwomba baba anifundishe gari. Alikuwa na pikapu ya Peugeot 404 iliyochakaa. Hakukataa, ila kwa miezi miwili sikugusa usukani. Nilibadilisha magurudumu, nilisafisha plagi, nilikaza breki. Baadaye, nilipomaliza kidato cha nne, niliomba nafasi ya umakanika katika chuo kimoja. Fomu yangu ilirudi na barua ya kunishauri nijaribu ushonaji. Ile barua baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Nikajifunza kwake. Mwaka 1987 nilipata leseni ya magari makubwa, na kuanzia 1991 hadi 2016 niliendesha basi la shule. Miaka 25, asubuhi na jioni, watoto wa watu nyuma yangu.

Naeleza haya kwa sababu watu hupenda kuniuliza kama niliwahi kutamani kushindana. Nilitamani. Lakini nilichokichukua kwa yule mama hakikuwa mbio. Nilichukua kwamba mtu anaweza kushuka garini, uso umejaa vumbi, na asiombe radhi.

Yeye aliendelea kidogo tu baada ya Safari ile. Mwaka 1985 alikwenda Marekani, katika mlima uitwao Pikes Peak, Colorado, ambako magari hupanda peke yake, moja baada ya jingine, karibu kilomita 20 zenye kona 156 hadi kileleni, zaidi ya mita 4,300 juu ya bahari. Barabara ilikuwa bado ya changarawe, na pembeni hakuna ukingo, ni bonde. Alipanda kwa dakika 11 na sekunde 25, akavunja rekodi na kushinda wote. Mwaka 1986, akiwa sasa na Peugeot, alitwaa ubingwa wa rali wa Ujerumani.

Na mwaka huohuo akaacha. Mei 1986, katika kisiwa cha Corsica, Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto walitoka barabarani, gari likawaka moto, wakafa wote wawili. Michèle naye alikuwa katika mbio hizo. Magari ya aina ile, yenye nguvu kupita kiasi na miili myepesi, yalipigwa marufuku kuanzia mwaka uliofuata. Hakungoja kutupwa nje. Mwaka 1987 alijifungua binti.

Hapa ndipo wengi wanaomsimulia huweka nukta, na mimi nadhani wanakosea. Mwaka 1988, pamoja na Fredrik Johnsson, alianzisha mashindano ya kuwakutanisha mabingwa, Race of Champions, kwa kumkumbuka Toivonen. Madereva wa rali, na baadaye wa saketi, wakapewa magari yaliyo sawa, mmoja dhidi ya mmoja. Nikiwaza kwamba aliyemshinda Sanremo ndiye aliyehakikisha jina lake halipotei, moyo wangu huwa mzito kwa namna nzuri. Mwaka 2010 shirikisho la kimataifa la magari, FIA, lilimpa uenyekiti wa kamisheni mpya ya wanawake katika mchezo huu, akaushika kwa zaidi ya miaka kumi, akitafuta wasichana wenye kipaji na kuwagombania viti. Aliwahi pia kuwa mjumbe wa usalama katika mashindano ya dunia ya rali, yule anayepita mapema kuona watazamaji wamesimama wapi. Mimi niliyesimama utotoni hatua mbili tu kutoka barabara ya vumbi, magari yakipita kama risasi, najua thamani ya kazi hiyo. Na hadi ninapoandika haya, hakuna mwanamke mwingine aliyeshinda duru ya mashindano ya dunia ya rali. Hilo linaniuma, na naamini linamuuma yeye kuliko mtu yeyote.

Juni 2021 Safari ilirudi katika mashindano ya dunia, baada ya kukosekana tangu 2002. Binti yangu, aliyekulia akilala kwenye viti vya basi nikisafisha, alikuwa nyumbani. Alisikia nikisimulia Pasaka ile kwa mara ya mia. Akachukua simu akatafuta, akapata filamu ya maisha ya Michèle. Tukakaa sebuleni, yeye akinitafsiria palipokuwa pagumu.

Tukafika Ivory Coast, mwaka 1982. Nikangoja habari za gia boksi.

Kumbe kabla mbio hazijaanza alipata habari kwamba baba yake amefariki, kwa saratani. Alitaka kurudi nyumbani. Mama yake akamwambia aanze mbio, kwa kuwa ndivyo marehemu alivyotaka. Akaanza. Akaongoza, usiku na mchana, katika njia ya maelfu ya kilomita, ubingwa wa dunia mkononi, na yule aliyemnunulia gari la kwanza na kumpa msimu mmoja hayupo tena wa kupigiwa simu. Kisha gia boksi. Kisha ajali.

Nikamwambia binti yangu asimamishe filamu. Nilikuwa nahesabu kwa vidole. Novemba, Desemba, Januari, Februari, Machi. Miezi mitano. Mama niliyemshangilia pale jumbani, yule aliyetabasamu huku amejaa vumbi, alikuwa na miezi mitano tu tangu afiwe.

"Mama, unalia nini?" binti yangu akauliza.

Nikamweleza alichosema babu yake. Alinyamaza. Kisha akauliza babu alijuaje, na sikuwa na jibu isipokuwa kwamba baba mwenyewe alikuwa amemzika baba yake mwaka mmoja kabla ya Pasaka ile, kule Ukambani, na wiki iliyofuata alirudi kazini akacheka na wateja kama kawaida. Mimi nilikuwa mtoto. Sikuwahi kumtazama usoni nikamuuliza.

Baba alifariki mwaka 2004. Pikapu ya 404 tuliiuza vipande vipande. Nilibaki na kitasa cha gia tu, kile cheusi, kilicholainishwa na kiganja chake. Kiko kabatini, pamoja na daftari la magazeti. Usiku ule nilifungua daftari, nikatafuta ukurasa wa 1982, nikachukua kalamu, nikafuta neno "gia boksi".