Mzazi, umelikagua fyekeo la mwanao?

Mvua zikishakolea Tunduma, majani hayamsubiri mtu. Asubuhi wanafunzi huonekana kando ya barabara kuu, begi mgongoni na fyekeo mkononi.

Mama mmoja wa Mpemba hakuwahi kulitazama fyekeo la mwanawe wa darasa la sita. Hiyo ilikuwa kazi ya baba, na baba ni dereva wa lori, muda mwingi yuko njiani. Fyekeo lilikaa nje tangu kiangazi. Kutu ikashika, makali yakaisha.

Siku hiyo mtoto alirudi akichechemea. Fyekeo liliteleza juu ya majani badala ya kukata, akaongeza nguvu, likamrudia ugokoni.

"Mama, lile fyekeo halikati," alisema kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha.

Mama aliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha akampeleka zahanati. Swali la kwanza lilihusu chanjo. Wengi hudhani kutu ndiyo huleta pepopunda. Ukweli ni kwamba vimelea vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, hivyo hata chuma kinachong'aa kinaweza kuviingiza mwilini. Mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini kinga hupungua kadiri miaka inavyopita. Ndiyo maana kadi ya kliniki haitupwi.

Jioni mama alikwenda kwa baba mkwe. Mzee hakumlaumu, alimpa tupa.

"Lilaze kwenye gogo, ulikanyage mpini. Sukuma tupa kuelekea mbele tu, usiirudishe huku imegusa chuma. Vidole vikae mbali na makali."

Akamwonyesha pia kuukaza mpini uliolegea, kufuta utomvu wa majani kila baada ya kazi, kupaka oili kidogo na kulitundika pakavu. Wenye mashine ya petroli nao wana la kukumbuka: zima, chomoa waya wa plagi, ndipo ukwangue majani yaliyoganda chini na kugusa kisu.

Wiki mbili baadaye baba alirudi. Alipoulizia fyekeo ili alinoe, mtoto alimwonyesha ukutani, limetundikwa, linang'aa.

"Nani kalinoa?"

"Mama."

Siku hizi asipokuwepo, hakuna anayemsubiri.