Nguvu Ikishindwa, Nani Analipa?

Katika vitabu vyangu vya watoto kuna samaki wanaosema, kuna milima inayohama usiku, kuna msichana anayelikunja ziwa kama mkeka na kulitwika kichwani. Bibi kizee mchawi hayumo, na hatakuwamo. Wasomaji wa mbali huniuliza mbona nimemwacha, maana wamezoea kumkuta katika hadithi za ajabu za kila nchi. Kueleza sababu ni kueleza kazi yangu yote.

Nilizaliwa Mboko, kando ya Ziwa Tanganyika, kati ya Uvira na Baraka, pale ambapo milima inashuka hadi karibu na maji na kuacha ukanda mwembamba wa mihogo, michikichi na nyumba. Usiku usio na mwezi ziwa lilijaa taa za wavuvi wa ndakala. Wanaume wa Kibembe walikuwa na lubunga yao, penye moto, ambako wazee walikata kesi na kusimulia habari za koo. Sisi wasichana hadithi zetu zilikuwa jikoni, tukingoja sombe iive. Bibi yangu alisimulia kwa Kibembe, lakini mnyama aliyetoka ng'ambo ya ziwa alimsemesha Kiswahili, na hapo sote tulijiweka vizuri, maana mgeni ameingia na mambo yataharibika.

Hadithi nyingine hazikutoka jikoni. Zilikuwa za vita. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliinuka mashariki mwa Kongo, na milima yetu ya Fizi ilikuwa ngome yao hata baada ya miji kurudi mikononi mwa serikali. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma pamoja na Wakuba wake kuwasaidia. Wapiganaji walimwita Tatu, na wazee waliendelea kulitaja jina hilo. Jambo lililowatatiza sana wageni hao lilikuwa dawa. Mganga alimnyunyizia mpiganaji maji yaliyotengenezwa kwa miti, na kuanzia hapo risasi za adui zingegeuka maji. Masharti yalikuwapo: usichukue kisicho chako, usimguse mwanamke, usiogope. Mpiganaji akiuawa, ilisemwa amevunja mwiko.

Nikiwa mtoto niliona hiyo ni hadithi tamu kuliko zote. Nilipokua nikaanza kuitazama kwa jicho la fundi, nikaona jinsi ilivyojengwa. Ndani yake mganga hakosei kamwe. Mwenye kosa ni yule aliyelala chini, ambaye hawezi tena kusema kama aliogopa au hakuogopa. Vikundi vya Mai-Mai vilivyokuja baadaye vilirithi jina la maji pamoja na dawa yenyewe, vikachukua na watoto wetu.

Oktoba 1996 vita viliingia Uvira, vikashuka kando ya ziwa. Tulivuka kwa mtumbwi hadi Kigoma, kisha tukapelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo wilayani Kasulu. Tulikuwako bado habari za Makobola zilipotufikia: mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999 watu mamia waliuawa huko, kaskazini kidogo mwa kwetu. Wapo tuliowajua. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Kambini nilifundisha. Shule zetu zilifuata masomo ya Kongo, kwa Kifaransa, lakini vitabu vilivyopita mikononi mwa watu vilikuwa vya Kiswahili cha Tanzania, na kimoja kilinipa kazi yangu. Kilikuwa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1952. Ndugu wawili waovu wanageuzwa manyani na jini Huria, na Adili, ndugu yao mwema waliyemtenda ubaya, anaamriwa kuwapiga kila usiku. Anawapiga huku moyo unamuuma. Nilikisoma nikasimama. Hapa uchawi umekuja kumtetea mwenye haki, na bado mwenye haki anaulipia usiku baada ya usiku, kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kuona nguvu ya ajabu ikihesabiwa hivyo. Nilichukua kaye, yaani daftari, na biki nikaanza.

Miaka kadhaa baadaye nikakutana na Mwindo, shujaa wa utendi wa Wanyanga. Wanyanga wako mbali nasi, kaskazini, upande wa Walikale, lakini ni watu wa misitu ya mashariki kama sisi. Mwaka 1956 msimulizi wao Candi Rureke aliuimba na kuusimulia utendi huo kwa siku 12, Daniel Biebuyck akaandika, na kitabu kikatoka mwaka 1969 kwa kazi yake na Kahombo Mateene. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba yake hataki mtoto wa kiume, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto anaelekea kwa shangazi yake, ana usinga wa ajabu mkononi, anashinda kila kitu. Watu wengi wakimsimulia huishia hapo. Mimi napenda kinachofuata. Mwindo anaua dubwana la msituni, na Nkuba, mwenye radi, aliyekuwa rafiki wa dubwana hilo, anampandisha juu mbinguni. Huko anateswa kwa baridi, mvua na jua, hadi anapokubali amri ya kutoua mnyama tena. Ndipo anarudishwa kutawala. Shujaa mwenyewe anaitwa ajibu kwa nguvu aliyoitumia. Huo ni utendi wa watu wetu, mkubwa kuliko vitabu vingi vinavyosifiwa duniani, na mtoto wa Kivu anaweza kumaliza shule bila kulisikia jina la Mwindo.

Niliporudi Mboko nikapewa darasa la msingi. Nilikuwa nikiwasomea wanafunzi kurasa zangu baada ya masomo, kwa sababu vitabu havikuwapo na kwa sababu nilitaka kusikia mahali wanapochoka. Siku moja nilisoma habari za mvulana aliyepewa jiwe linalomfanya asionekane. Mwanafunzi mmoja alikuwa mkubwa kuliko wenzake. Alikuwa ametoka msituni, na sisi sote tulijua maana yake. Hakucheka kama wenzake. Alingoja wote watoke, akaniuliza: "Madamu, na hilo jiwe likikataa?"

Swali lake limekaa mezani kwangu tangu siku ile. Nikianza hadithi mpya, kabla sijajua mhusika ni nani, naandika kwanza juu ya ukurasa: likikataa, nani analipa? Na jibu haliwezi kuwa mtoto peke yake. Anayetoa nguvu lazima afungwe na mwiko kama anayepokea. Naamini mwandishi wa hadithi za ajabu anayeandikia watoto wa Fizi hana ruhusa ya kulisahau hilo, kwa kuwa wasomaji wake wengine wameahidiwa, na watu wazima wenye bunduki, kwamba risasi itakuwa maji.

Sasa yule bibi kizee. Nilipeleka muswada wangu kwa mchapishaji mmoja katika mji mkubwa wa Afrika Mashariki. Aliusifu, kisha akaandika kwamba hadithi haina adui. Ingefaa niweke ajuza msituni, mwenye macho mekundu. Nilikataa, muswada ukarudi. Macho mekundu ninayajua yanatoka wapi. Mwanamke aliyepikia kwa kuni jikoni lenye moshi tangu utotoni huwa nayo. Mwaka 2021, hapa Kivu ya Kusini, watabiri wanaoitwa bajakazi walizunguka vijijini wakitaja nani ni mchawi. Waliotajwa, wengi wao wanawake wazee, walipigwa, na wapo waliochomwa moto. Ilitokea Kalehe, ikatokea Mwenga, ikatokea na Fizi. Mtoto aliyefundishwa na kitabu kizuri, chenye picha nzuri, kumtambua mchawi kwa mvi na mgongo uliopinda, atamtazamaje jirani yake kesho? Bibi yangu alikuwa na mvi na mgongo uliopinda. Mimi nimeshaota mvi.

Kwa hiyo nikamtafuta adui mwingine, na nikampata Mpimaji. Ni mtu nadhifu, anatembea ufukweni na mizani na daftari. Anawapimia watoto vipaji: huyu anampa kutochoka, yule macho ya kuona chini ya maji. Kipaji kikimwacha mtoto katikati ya ziwa, Mpimaji anafungua daftari na kuandika jina la mtoto kwenye upande wa wakosaji. Msichana wa hadithi yangu haibi mizani, anaiba daftari. Anasoma majina yote kwa sauti, na kila jina linaposomwa mwenyewe anatoka majini akiwa hai. Watoto wa darasani waliponisikia nikisoma majina hayo walianza kuongeza ya kwao. Niliacha wayaseme yote.

Kazi hii hailishi nyumba. Nimelishwa na shamba la mihogo na mshahara wa ualimu, ambao kwa miaka mingi wazazi ndio walioubeba. Septemba 2019 serikali ilipoanza elimu ya msingi bila malipo nilifurahi, na darasa langu likafurika hadi wengine wakakaa dirishani. Mpango unasema mtoto aanze kwa lugha ya taifa, na kwetu hiyo ni Kiswahili, lakini kitabu cha hadithi cha Kiswahili ni nadra kukiona hapa. Nakala za vyangu hufika kwa boti au kwa pikipiki, zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki, na nyingi husomwa na kupitishwa mpaka jalada linatoka. Tangu kambi ya Lusenda ilipofunguliwa mwaka 2015 kwa wakimbizi wa Burundi, wamo na watoto wao miongoni mwa wasikilizaji wangu. Nami nilikuwa mtoto wa watu kwenye nchi ya watu, nawaweka mbele.

Kitabu ninachoandika sasa ni cha maji kupanda. Kuanzia 2020 ziwa lilivimba, likaingia nyumba za ufukweni kutoka Bujumbura na Uvira hadi Baraka, na watoto wanataka kujua linatafuta nini. Mpimaji amerudi ndani yake, na safari hii anauza ahadi kwamba maji hayatavuka mlango wa atakayemlipa. Darasa limegawanyika kuhusu mwisho wake. Wavulana wanataka auawe. Msichana mmoja wa Lusenda anasema hapana, apewe dawa yake mwenyewe na asimamishwe mlangoni maji yakija. Sura hiyo sijaiandika. Nimewaambia kila mmoja alete yake kwenye kaye Ijumaa, tuzisome zote, kisha ndipo nitashika biki.