Mama anauliza hali ya hewa

Jamani, hivi kuna mtu kati yetu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa mpaka mwisho? Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sisikilizi. Mtangazaji akifika kwenye mawingu kiasi na vipindi vya jua, ndio kwanza nainuka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Sisi wa mjini jua ni jua tu. Tunachotaka kujua ni kama Jangwani kutapitika asubuhi, basi.

Kwetu ni Gwarama. Ukiwaambia watu wa Dar kwamba unatoka Kigoma, wanakuuliza migebuka. Ndugu zangu, mimi nimekua bila kuliona Ziwa Tanganyika! Nililiona mara ya kwanza nikiwa kidato cha tano. Gwarama iko juu, kaskazini kabisa ya mkoa, wilaya ya Kakonko, ambayo hadi 2012 ilikuwa sehemu ya Kibondo. Huko habari ya mjini ni maharage, mahindi na mihogo.

Kuna wiki moja ya mwisho wa Septemba nataka kuisimulia. Anayeijua Buha anazijua wiki hizo. Nyasi zimeshachomwa na majivu yanaruka. Upepo wa kusini mashariki unaanza asubuhi jua likipanda, unapiga vumbi mpaka jioni ndipo unatulia. Joto linaongezeka kidogo kila siku. Ulaya wiki ya joto na upepo mwanana mwanzoni mwa kiangazi chao ni ya kutoa viti nje. Kwetu ni wiki ya kutazama juu. Jua linakuwa safarini kwenda kusini: tarehe 22 au 23 Septemba liko juu ya Ikweta, na mwanzoni mwa Oktoba linapita juu ya vichwa vyetu Gwarama. Ukanda wa mvua unalifuata nyuma, tena bila haraka. Lile joto ni kama linaiita mvua, lakini kuita si kuitikiwa.

Basi, miaka michache iliyopita, wiki kama hiyo ilinikuta kwenye dawati la habari la gazeti moja hapa mjini. Kazi yangu ilikuwa kufupisha taarifa. Ikaja ya hali ya hewa: mvua katika maeneo machache ya kaskazini magharibi mwa nchi, sehemu kubwa iliyobaki joto na upepo vikiendelea. Ukurasa ulikuwa umejaa, kuna tangazo limeingia dakika za mwisho. Nikakata. Ikabaki kwamba mvua zinatarajiwa Kagera na Kigoma. Nani angelalamika?

Jioni Mama akapiga simu.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe unakaa na wenye habari. Mvua inakuja au nisubiri?”

Nikamjibu kwa kujiamini kwa mtu aliyekaa chini ya feni: “Inakuja wiki hii, Mama. Panda tu.”

Siku mbili kabla ilikuwa imepita mvua ya nusu saa, udongo umelowa kina cha kidole. Mama akapanda maharage, debe zima la mbegu alilolitunza tangu mavuno. Majirani wawili nao wakapanda, maana mtoto wa mama fulani yuko gazetini, atadanganyaje? Maharage yakachomoza vizuri tu. Halafu jua likakaza, na upepo ukanyonya kile kidogo kilichobaki kwenye udongo. Wiki mbili hazikuisha simu ikaita tena.

“Mwanangu, maharage yameungua. Huko kwenu imenyesha?”

Hakunilaumu. Aliuliza hivyo tu, na ilikuwa haijanyesha. Nikamtumia hela ya mbegu. Wale majirani wawili sikuwatumia kitu, hata kuwapigia niliona aibu. Mpaka leo naiona.

Kinachoniuma ni kwamba mimi ndiye niliyepaswa kujua. Kigoma ni mkoa mmoja kwenye ramani, angani si mmoja. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, wakati nyanda za Buha zinapanda hadi mita 1,500 na zaidi. Kila ukipanda mita 100 joto linapungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii, kwa hiyo joto la Kigoma mjini si joto la Gwarama. Na mvua je? Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inaziweka Kakonko na Kibondo pamoja na Kanda ya Ziwa Victoria kwenye mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba. Kasulu na sehemu nyingine za mkoa zinasubiri mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Ukiandika “Kigoma” ukaweka nukta, umemwandikia nani?

Wala sisemi wataalamu wanabahatisha. Mwaka 2023 TMA ilitabiri vuli ya juu ya wastani kwa sababu ya El Niño, na mvua ikaja kwelikweli. Mimi ndiye niliyekata maneno mawili, “maeneo machache”, na ndani ya maneno hayo kulikuwa na debe la mbegu la mama yangu.

Krismasi nilikwenda nyumbani. Jirani mmoja akanikuta njiani. “Mwakeye,” akanisalimia, halafu akacheka: “Mwandishi, na safari hii unasemaje?” Ningefurahi kama angenigombeza.

Juzi Mama kapiga tena. Safari hii nikamsomea taarifa yote, neno kwa neno: joto, upepo, mvua maeneo machache.

“Hayo machache ni wapi? Ni kwetu?”

“Sijui, Mama.”

“Haya, sasa umesema. Nitapanda nusu, nusu naiweka.”

Nimekaa na simu karibu tangu siku hiyo. Nyie wenzangu mnaotoka huko juu, Kasulu, Kibondo, Kakonko, naomba mniambie: kwenu imenyesha?